Kabla ya Darasa la Kwanza Roma

Waamini wengi hudhani kwamba padre au mtawa tuliyemtuma Roma huanza masomo mara afikapo. Sivyo. Katika Chuo Kikuu cha Kipapa cha Urbaniana, kilichotokana na chuo alichokianzisha Papa Urbano wa Nane mwaka 1627, mafundisho hutolewa kwa Kiitaliano. Hivyo wengi hutangulia kujifunza lugha hiyo, baadhi yao mjini Perugia. Ni miezi ya unyonge: aliyezoea kuhubiria mamia hubabaika dukani akinunua mkate. Kisha humngoja mitihani ya mdomo, uso kwa uso na mwalimu. Wakati wa likizo, kibali chake cha ukaazi humruhusu kuhiji Lourdes au Fatima bila viza nyingine, na picha hutufikia upesi. Tumwandikiapo, tumuulize pia habari za lugha.