Mawimbi Nyuma ya Lenzi ya Mvutano

Lenzi ya mvutano hutokea pale masi ya nyota, shimo jeusi au galaksi inapopinda njia ya mawimbi yanayopita karibu nayo. Mwaka 1915 Albert Einstein alikokotoa kwamba mwanga unaopita ukingoni mwa Jua hupindwa kwa sekunde ya tao 1.75. Vipimo vilivyochukuliwa Jua lilipopatwa tarehe 29 Mei 1919, katika kisiwa cha Principe na mji wa Sobral nchini Brazil, viliafikiana na hesabu hiyo. Lenzi ndogo ikikaa kati ya chanzo na mtazamaji, wimbi humfikia kwa njia mbili. Kilele kikikutana na kilele, wimbi hukua. Kilele kikikutana na bonde, hufifia. Huo ndio mwingiliano. Mpindiko, nao, ni tabia ya wimbi kusambaa nyuma ya kizuizi. Yote mawili hutegemea urefu wa wimbi ukilinganishwa na ukubwa wa kizuizi.

Uwiano huo unaonekana wazi katika maji ya kisiwa cha Mombasa. Mawimbi ya upepo wa kusi, yenye urefu wa makumi ya mita, hupasukia mwambani na kwenye majabali ya Ras Serani. Bandari ya Kale, chini ya Mji wa Kale, hubaki shwari kwa kuwa ni machache tu yanayopinda kona. Wimbi la maji kujaa na kupwa hurudi kila baada ya saa 12 na dakika 25, na katika kina cha mita 20 urefu wake hupita kilomita 600. Kisiwa cha kilomita chache hakiliwekei kivuli: wimbi huingia mkono wa bahari wa Kilindini kwa upande mmoja na wa Tudor kwa upande wa pili, na maji hupanda pande zote karibu wakati mmoja.

Katika lenzi ya mvutano, kipimo cha kizuizi ni nusukipenyo cha Schwarzschild, yaani nusukipenyo cha shimo jeusi lenye masi sawa na ya lenzi, ambacho kwa masi ya Jua ni kilomita 3 hivi. Mwanga una urefu wa wimbi wa takriban milimita 0.0005. Kwa lenzi yenye masi hiyo, njia mbili hupishana kwa takriban sehemu 20 za milioni ya sekunde, muda ambao mwanga hutikisika mara bilioni 10 hivi. Mistari ya mwingiliano hubanana mno, na upana wa nyota pamoja na mchanganyiko wa rangi zake huifuta.

Mawimbi ya mvutano, yaani mitikisiko ya nafasi na wakati, yaliyonaswa kwa mara ya kwanza na vituo vya LIGO nchini Marekani tarehe 14 Septemba 2015, ni marefu zaidi. Wimbi linalotikisika mara 100 kwa sekunde lina urefu wa kilomita 3,000, sawa na nusukipenyo cha Schwarzschild cha masi ya Jua 1,000. Lenzi yenye masi ya Jua 10 hulibadilisha kidogo sana. Ile ya Jua 1,000 huchelewesha njia moja kwa takriban sekunde 0.02. Mashimo meusi mawili yanayotoa mawimbi hayo yanapokaribia kugongana, mitikisiko huongezeka kasi, na kimo cha wimbi hupanda na kushuka kila inapoongezeka mitikisiko 50 hivi kwa sekunde.

Mpindiko pia huweka kikomo cha ukuzaji. Hesabu inayochukulia mwanga kuwa mistari hudai kwamba chanzo kidogo kilicho nyuma kabisa ya lenzi hung'aa bila mwisho. Hesabu ya mawimbi huishia takriban mara 40 ya uwiano wa nusukipenyo na urefu wa wimbi. Kwa lenzi ya Jua 1,000 na wimbi la kilomita 3,000, nishati hukua mara 40, na kimo mara 6 na ushei.

Chombo cha LISA cha Shirika la Anga za Juu la Ulaya, kinachopangwa kurushwa mwaka 2035, kitapokea mitikisiko ya polepole, kama ya 0.001 kwa sekunde. Hapo lenzi inayolingana na wimbi ina masi ya Jua milioni 100. Nafasi kati ya kupanda na kushuka kwa kimo hutoa masi ya lenzi, ikiwa imeongezwa na kutanuka kwa ulimwengu, hata kama lenzi yenyewe haitoi mwanga wowote.