Kabla ya Kununua Simu, Mwulizeni Aliyekwisha Kuitumia

Wahenga wetu walisema kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Maneno haya yalisemwa kabla ya kuwako simu yo yote, lakini hatujaona maneno yamfaayo zaidi mtu aliyeshika fedha mkononi na kusimama mbele ya duka la simu. Duka lote lang'aa. Kila simu ina kioo kizuri, kila muuzaji ana ulimi mtamu, na kila boksi limeandikwa tarakimu kubwa kubwa. Lakini muuzaji hakukilalia kitanda kile. Yeye akiuza tu. Aijuaye simu ni yule aliyeichaji kila usiku kwa muda wa mwaka, akaiangusha sakafuni, akaichukua juani, na akapokea kwayo khabari za arusi na za msiba.

Twaandika juu ya jambo hili kwa sababu si dogo katika nyumba zetu. Tangu M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007, na Tanzania mwaka 2008, simu imekuwa mfuko wa fedha wa mama wa nyumbani na daftari la mfanya biashara. Mwanafunzi hutazama humo matokeo yake, na mzee hutazama humo nyakati za sala. Tena fedha inunuayo simu aghalabu ni fedha ya kibubu, iliyowekwa shilingi kwa shilingi. Simu ikifa mwezi wa nne, kilichopotea si simu peke yake. Ni karo ya mtoto, ni dawa ya mgonjwa, ni mtaji wa vitumbua. Nasi twajua kwamba mali ni amana, na kwamba mtu ataulizwa namna alivyoipata na namna alivyoitumia.

SHAHIDI NI NANI?

Wanavyuoni wa hadithi hawakuipokea khabari kwa kuwa imesemwa tu. Waliuliza: msemaji huyu aliyasikia mwenyewe, au aliyapata kwa mwingine? Je, ni mkweli? Je, hifadhi yake ni nzuri? Jambo letu ni la kidunia, wala hatulilinganishi na lile; lakini adabu ile ya kumpima msemaji kabla ya kuyachukua maneno yake yafaa hata sokoni.

Wa kwanza kusema ni muuzaji. Yeye husema ayajuayo, lakini ana haja yake. Wa pili ni mtu aliyenunua juma lililopita. Huyu ni mkweli, ila yu katika fungate. Kipya kinyemi ingawa kidonda. Wa tatu ni fundi wa simu. Huyu yafaa kumsikiliza sana, kwani ajua ni simu gani zimletewazo kila siku, na kama vioo na betri zake zapatikana. Lakini tukumbuke kwamba fundi, kama tabibu, huwaona wagonjwa tu. Simu nzima hazipiti mezani pake. Simu yenye watu wengi mjini italetwa kwake mara nyingi, hata kama si mbovu kuliko nyingine. Wa nne ndiye bora wao: ni mwenye simu ya namna ile ile uitakayo, aliyekaa nayo miezi sita au zaidi, na ambaye kazi yake yafanana na yako.

Hata huyu yataka aulizwe kwa hekima. Mtu aliyetoa fedha nyingi haoni raha kukiri kwamba alinunua vibaya. Ukimwuliza, "Simu hii ni nzuri?" atakujibu, "Nzuri sana." Basi usimwulize rai yake, mwulize matendo. "Jana uliitoa kwenye chaji saa ngapi, nayo ilizimika saa ngapi? Umekwisha kuipeleka kwa fundi mara ngapi? Mara ya mwisho ulifuta picha lini ili upate nafasi?" Majibu ya maswali kama haya hayana kiburi ndani yake.

TULIYOYASIKIA KWA WENYE SIMU

Tuliwauliza majirani zetu na wazazi wa watoto tunaowasomesha, nao walitujibu kwa wema.

Mama mmoja mshonaji alinunua simu yenye hifadhi ya GB 32. Wateja wake humpelekea picha za mishono kwa WhatsApp, na jamaa zake humpelekea mawaidha na video za kila namna. Kabla ya mwaka kuisha simu ikawa nzito, ikikataa kupokea hata picha moja. Sababu yake ni dhahiri. Katika zile GB 32, sehemu kubwa huchukuliwa na mfumo wa simu wenyewe kabla mwenyewe hajatia kitu. Tena yako mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Hifadhi ni kama kabati la mshonaji, ambamo nguo zote hukaa. Na RAM ni kama meza yake ya kukatia, ambapo huwekwa zile anazozishughulikia saa hiyo. Kabati likijaa hapana pa kuweka kitu; meza ikiwa ndogo kazi huenda polepole, ingawa kabati ni tupu. Kwa mtu wa kazi za kila siku, RAM ya GB 4 na hifadhi ya GB 128 yatosha. Asiyefikia hapo na atafute simu yenye nafasi ya kadi ya nyongeza.

Kijana wa bodaboda na karani wa duka walikuwa na simu moja, namna moja, betri ya ukubwa mmoja. Karani alisema, "Yakaa na chaji mpaka asubuhi ya pili." Kijana alisema, "Haifiki Alasiri." Je, mmoja wao ni mwongo? Hasha! Simu ya kijana hufungwa juu ya usukani, kioo kikiwaka kwa nguvu zote na ramani ikifanya kazi, juani tangu asubuhi. Betri za simu zetu ni za lithiamu, na adui yao mkubwa ni joto. Hata bila ya joto huzeeka. Nyingi hutengenezwa ili baada ya kuchajiwa kikamilifu mara 500 hivi zibakiwe na kiasi cha asilimia 80 ya nguvu zake. Basi simu ya kijana huzeeka upesi, na ya karani polepole. Ndiyo maana tukasema shahidi awe mtu wa kazi kama yako.

Mvuvi mmoja aliambiwa kwamba simu yake haidhuriki kwa maji, nayo kweli ilikuwa na alama ya IP67. Maana ya alama hiyo ni kwamba simu ya namna hiyo, ingali mpya, ilijaribiwa katika maji matamu ya kina cha mita 1 kwa dakika 30. Haikusemwa maji ya chumvi. Baada ya miezi michache tundu la chaji likaota kutu. Sasa huenda baharini na kitochi, kile waitacho wenzetu wa Kenya mulika mwizi, ndani ya mfuko wa plastiki, na ile simu kubwa huiacha nyumbani.

Bibi mmoja mzee hakutaka ila mambo mawili: asikie, na aone. Wajukuu zake walimnunulia simu yenye kamera tatu, lakini sauti yake ni ndogo, na juani haonekani mtu kiooni. Kamera tatu zote hazikumfaa kitu. Twawaambia vijana: mnaponunulia wazee, wapeni simu waishike, wapigiwe palipo na makelele, kisha wasimame nayo juani kabla fedha haijatoka.

Na mwanafunzi mmoja alitaka iPhone kwa ajili ya jina. Akapata iPhone 6 iliyokwisha kutumika, safi kwa nje. Mwezi wa Mei mwaka 2025 WhatsApp ikaacha kufanya kazi katika simu za mfumo ulio chini ya iOS 15.1, na simu yake, mfumo wake ulikomea kwenye 12. Simu nzima, lakini darasa lote lapeana khabari asizozipata yeye. Kila simu ina umri ambao mtengenezaji huendelea kuipelekea masasisho. Google kwa Pixel 8 ya mwaka 2023, na Samsung kwa Galaxy S24 ya mwaka 2024, waliahidi miaka 7; simu nyingi za bei ndogo hupata miaka michache tu. Basi usiulize bei peke yake. Uliza ilitoka mwaka gani, na imebakiwa na miaka mingapi.

JINA LA KAMPUNI SI DHAMANA

Wako wasemao, "Ya nini taabu yote hii? Nunua kampuni kubwa, umalize." Twawajibu kwamba mwaka 2016 Samsung, kampuni kubwa kabisa, ililazimika kuzirudisha simu zake za Galaxy Note7 kwa sababu betri zake zilikuwa zikiwaka moto, na simu nyingine nyingi za kampuni hiyo hiyo ni njema hata leo. Hali kadhalika barazani tumewasikia vijana wakigombana, huyu akisifu Tecno, huyu Infinix, na yule itel, na zote tatu ni za kampuni moja ya Kichina, Transsion. Wagombana juu ya watoto wa baba mmoja! Basi usiulize kampuni; uliza simu ile yenyewe, kwa jina lake na namba yake.

ALIYE KARIAKOO NA AFUNGUE MACHO

Aendaye Kariakoo, au Darajani, au barabara ya Luthuli Nairobi, na abonyeze *#06# kabla ya kulipa. Itatokea namba ya IMEI yenye tarakimu 15, nayo yapasa ilingane na ile ya kwenye boksi. Si jambo la mzaha: Kenya ilizifungia simu za bandia mwishoni mwa Septemba 2012, na Tanzania ikafanya hivyo Juni 2016, na wengi walibaki na simu isiyoita.

Anunuaye iliyokwisha kutumika, ziwe zile zitokazo Dubai au za jirani, na ahakikishe kwamba mwenyewe wa kwanza ameondoa akaunti yake, na simu ifutwe na kuwashwa upya mbele ya macho yake. Bila ya hivyo simu yaweza kujifunga, na fundi asiweze kuifungua kwa halali.

Na anunuaye kwa kulipa kidogo kidogo na afanye hesabu yote kwanza. Mathalan simu ya shilingi 300,000 taslimu yaweza kutolewa kwa 50,000 ya mwanzo, na 1,500 kila siku kwa siku 365. Shilingi 1,500 yaonekana ndogo. Lakini jumla yake ni 597,500, karibu bei mara mbili. Tena ukichelewa hufungwa kwa mbali, nawe huna simu wala fedha. Na ikiwa katika mkataba mna nyongeza kwa atakayechelewa, asitie saini mpaka amwulize mwenye elimu ya fikihi, maana hapo pana mlango wa riba.

NASI TU MASHAHIDI

Jambo la mwisho, nalo ndilo zito. Kila anunuaye leo ataulizwa kesho. Jirani atakuja kwako na fedha yake ya kibubu, akuulize, "Simu yako ikoje?" Basi ukificha kasoro kwa kuona haya, umemponza ndugu yako kwa ajili ya heshima ya kioo na plastiki. Na ukiiuza simu yako, nawe wajua kwamba betri yake yavimba au spika yake yakoroma, sheria yetu imekupasa ulitaje aibu hilo. Na mnunuzi akiligundua baadaye, naye hakuambiwa, ana khiyari ya kuirudisha. Tunawaona vijana wazuri, wenye kusali, wakisema, "Macho yake ndiyo yatakayomwambia." Macho hayaoni ndani ya betri.

Basi enyi wazazi na vijana, kabla ya kwenda dukani kaeni nyumbani mjiulize: Simu hii ni ya kazi gani? Nani katika mtaa wetu ana simu kama hii, na kazi kama yetu? Fundi wetu ana vipuri vyake? Imebakiwa na miaka mingapi ya masasisho? Na bei yake, pamoja na kava na kadi, ni shilingi ngapi mpaka mwisho? Mwenye majibu ya maswali haya matano hatakuwa mateka wa ulimi wa muuzaji. Na simu iliyo ndani ya nyumba, ikiwa bado yaita, yaonyesha, na yatuma fedha, basi hiyo bado ni simu. Kuibadili kwa sababu jirani amebadili ni israfu, na kibubu kina kazi nyingine.

Wabillahi tawfiq.