Mfanyakazi wa Kitengela anahitaji mkataba kabla ya mkopo

Kitengela ni mji unaoishi kwa mshahara. Sensa ya 2019 ilihesabu humo zaidi ya watu 150,000, na kila alfajiri maelfu yao hushika barabara ya Namanga kuelekea Athi River, upande wa Machakos, kwenye viwanda vya saruji, vyuma na nguo. Hapo ndipo ulipo ukanda wa viwanda vya kuuza nje (EPZ), ulioanzishwa kufuatia sheria ya mwaka 1990. Wengine huelekea kusini, kwenye mashamba ya maua ya Isinya. Wanasiasa wakiahidi kuzikwamua familia hizi, ahadi huwa ni mikopo: Hustler Fund, mikopo ya simu, fedha za vikundi. Mikopo ina kazi yake, lakini kinachoamua iwapo familia ya mfanyakazi itasimama au itazama ni masharti ya kazi yenyewe: mkataba wa maandishi, marupurupu yanayoambatana nao, na chama cha wafanyakazi chenye uwezo wa kuulinda. Mfanyakazi aliye na hivyo vitatu hukopa ili ajenge. Asiyekuwa navyo hukopa ili ale.

Tuanze na hesabu. Serikali ilipoongeza kima cha chini kwa asilimia 6 kuanzia Novemba 2024, kibarua wa kawaida jijini Nairobi alifikishwa Sh16,113 kwa mwezi. Kwenye kiasi hicho mfuko wa uzeeni wa NSSF huchukua asilimia 6, bima ya afya ya SHIF asilimia 2.75, na ada ya nyumba za bei nafuu asilimia 1.5. Jumla ni takriban Sh1,650, hivyo kinachobaki mkononi hakifiki Sh14,500 kabla ya kodi ya nyumba, nauli, unga na karo. Mwajiri naye hutakiwa kulipa kiasi sawa kwa NSSF na kwa ada ya nyumba, ila kwa SHIF haongezi hata shilingi moja. Bajeti ya namna hii haina nafasi ya kuweka akiba ya maana. Mtoto akilazwa hospitalini, au kiwanda kikikosa oda kwa wiki tatu, pengo haliwezi kuzibwa na mshahara uliokwisha kuliwa. Litazibwa na marupurupu au litazibwa na deni.

Chukua wafanyakazi wawili wanaolipwa Sh20,000 kila mmoja. Wa kwanza ameajiriwa kwa masharti ya kudumu. Wa pili hupewa kandarasi ya miezi michache, ikiisha anatiwa saini upya au anaambiwa asubiri simu. Kwa mujibu wa Sheria ya Ajira ya 2007, wa kwanza akipunguzwa kazini baada ya miaka kumi atadai malipo ya siku zisizopungua 15 kwa kila mwaka aliotumikia, yaani siku 150, sawa na mshahara wa miezi mitano. Ana likizo ya siku 21 kwa mwaka. Akiwa mama, ana miezi mitatu ya uzazi kwa mshahara kamili. Wa pili analindwa na sheria hiyo hiyo, lakini kandarasi yake ikikatika kabla ya ujauzito kufika miezi tisa, likizo ya uzazi inabaki kwenye karatasi. Ikifika tarehe yake ya mwisho, malipo ya kupunguzwa kazini hayapo, kwa kuwa hakupunguzwa: muda wake umeisha tu. Na ikiwa mwajiri hawasilishi michango ya NSSF, hasara ni kubwa zaidi. Kwa viwango vya sasa, mchango wake na wa mwajiri ni Sh2,400 kwa mwezi, ambazo kwa miaka kumi zinafika Sh288,000 kabla ya riba. Mshahara wa wawili hawa ni mmoja, ila uzeeni hawatakuwa sawa hata kidogo.

Tofauti hiyo huonekana pia wanapokwenda kukopa. Sacco nyingi za wafanyakazi hutoza riba ya karibu asilimia 1 kwa mwezi kwa salio linalopungua, na huweza kufanya hivyo kwa sababu mwajiri hukata marejesho moja kwa moja kwenye mshahara. Asiye na kazi ya uhakika hana cha kukatwa, kwa hivyo hugeukia simu. Huduma ya mikopo ya simu ya M-Shwari ilipoanzishwa mwaka 2012 ilitoza asilimia 7.5 kwa mkopo wa siku 30. Anayerudia mkopo wa aina hiyo kila mwezi kwa mwaka mzima hulipa ada ya asilimia 90 ya kiasi alichokopa. Anayehitaji kukopeshwa kwa bei nafuu zaidi ndiye anayekopeshwa kwa bei ghali zaidi, na kinachomfanya alipe zaidi ni kandarasi yake. Hata mpango mzuri wa mikopo hauwezi kulipia kile ambacho mkataba mbaya umekiondoa.

Msomaji atauliza: kama sheria ipo, chama ni cha nini? Ni cha kuifanya sheria ifanye kazi. Kifungu cha 37 cha Sheria ya Ajira kinasema kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa muda usiopungua mwezi mmoja huhesabiwa kuwa mwajiriwa wa mwezi. Lakini nani atakwenda mahakamani peke yake dhidi ya kampuni anayoitegemea kwa unga wa kesho? Chama kinaweza. Zaidi ya hapo, mkataba wa makubaliano ya pamoja ukishasajiliwa katika Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi huwa na nguvu ya kisheria, na mara nyingi hutoa zaidi ya kiwango cha chini cha sheria. Tatizo ni kwamba Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya 2007 humtaka mwajiri akitambue chama pale tu kinaposajili zaidi ya nusu ya wafanyakazi wanaostahili kuwa wanachama. Kandarasi fupi basi huumiza mara mbili: humnyima mfanyakazi marupurupu, na huvuruga hesabu ya chama ambacho kingempigania, kwani aliyejisajili Machi huenda Juni hayupo tena langoni.

Waajiri wana jibu lao: ukiongeza gharama, mwekezaji atahamia kwingine. Hofu hiyo si ya kudharauliwa. Viwanda vya nguo vya Athi River huiuzia Marekani bila ushuru kupitia mpango wa AGOA, na muda wake ulipoisha Septemba 2025 wafanyakazi walibaki wakingoja uamuzi wa Washington. Hata hivyo, tazama Ethiopia. Nchi hiyo haikuwa na kima cha chini cha mshahara kwa sekta binafsi, na nguvukazi yake ilikuwa ya bei ya chini kuliko ya Kenya. Ilipoondolewa kwenye AGOA Januari 2022 kwa sababu ya vita vya Tigray, mishahara midogo haikuviokoa viwanda vya Hawassa. Unyonge wa mfanyakazi si bima ya kiwanda. Isitoshe, kampuni za EPZ hupewa miaka kumi bila kulipa kodi ya mapato, kisha kumi mingine kwa asilimia 25. Umma ukigharimia mwekezaji kwa kiwango hicho, una haki ya kudai kazi yenye mkataba.

Pingamizi la pili hutoka kwa wafanyakazi wenyewe: vyama vimelala, na viongozi wake hukaa vitini muda mrefu mno. Francis Atwoli, kwa mfano, ameongoza COTU, muungano wa vyama vya wafanyakazi, tangu 2001. Wengine watataja East African Portland Cement, ambayo mwaka 2019 ilitangaza kufuta nafasi za wafanyakazi wake wote na kuwataka wanaotaka kubaki waombe upya, ingawa walikuwa na chama. Ni kweli kwamba chama hakiwezi kuponya kampuni iliyolemewa na madeni. Kinachoweza ni kuhakikisha anayeondoka ana dai lililoandikwa. Kuhusu uongozi, sheria inawapa wanachama uchaguzi na haki ya kuona hesabu za fedha zao. Januari 2003, wiki chache baada ya serikali ya NARC kuingia madarakani, maelfu ya wafanyakazi wa EPZ Athi River waligoma kudai masharti bora. Waliianza hatua hiyo kutoka chini, na ni kutoka chini vilevile ambapo chama kilicholala huamshwa. Kujitoa humwachia kiongozi mbaya kiti bila mtu wa kumuuliza.

Yupo pia atakayesema kwamba zaidi ya kazi 8 kati ya 10 nchini ni za sekta isiyo rasmi, hivyo vyama ni vya wachache. Lakini mama mboga wa Noonkopir na bodaboda wa stendi ya Kitengela hulipwa kutoka mifuko ya hao wachache. Mshahara ukichelewa Athi River, sukuma hukauka mezani Kitengela. Kulinda mapato ya mfanyakazi wa kiwanda ni kulinda soko la jirani yake.

Yapo mambo yanayoweza kufanywa sasa. Wizara ya Leba ipeleke wakaguzi wa kutosha Athi River, Isinya na Kitengela, wakague kandarasi zinazofufuliwa kila baada ya miezi michache. Serikali ya Kaunti ya Kajiado isimpe tenda mwanakandarasi asiyethibitisha kwamba huwasilisha michango ya NSSF na SHIF ya vibarua wake. Na wewe mfanyakazi, dai nakala ya mkataba wako, kagua michango yako ya NSSF kabla mwaka haujaisha, jiunge na chama cha sekta yako, kisha hudhuria mikutano na upige kura. Mkopo utafuata, na utakuwa wa riba unayoweza kuilipa.