Bugali Unapokwama Kifuani

Huanza na bugali. Mtu anameza tonge la kawaida, linasimama kidogo nyuma ya kifua kabla ya kushuka. Anakunywa maji, linapita, anasahau. Wiki zinasonga, matonge yanapungua ukubwa, nyama inaachwa, anahamia uji. Siku maji yenyewe yanapomrudia mdomoni, nguo zimeshampwaya. Huku kwetu Aveba, katika Irumu, mashariki mwa Kongo, jirani atanong'ona kwamba kalishwa sumu, na familia itaanza kumtafuta adui, huku uvimbe ukiendelea kukua ndani ya umio, mrija unaoshusha chakula tumboni. Mrija huo hutanuka kwa urahisi, kwa hiyo chakula kinapoanza kukwama, mara nyingi kansa imeshakaa muda mrefu.

Ugonjwa huu una ramani yake. Umeenea upande wa mashariki wa Afrika, tangu Ethiopia, ukipitia Kenya, Uganda, Tanzania na Malawi, mpaka Afrika Kusini. Denis Burkitt, daktari mpasuaji aliyefanya kazi Uganda, ni mmoja wa waliouona mpangilio huo zaidi ya nusu karne iliyopita. Katika hospitali ya Tenwek huko Bomet, Kenya, wamepokelewa hata wagonjwa wasiofikisha miaka 30. Sisi wa Irumu tuko jirani kabisa na ukanda huo: Uganda ni ng'ambo tu ya Ziwa Albert.

Chanzo ni nini? Watafiti walitumaini kukikuta kwenye DNA ya uvimbe, maana baadhi ya sumu, kama ya moshi wa sigara, huacha alama zake humo. Mwaka 2021 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi wa uvimbe wa wagonjwa 552 kutoka nchi 8, zikiwemo Kenya, Tanzania, Malawi, Iran, China na Uingereza. Alama za nchi zenye wagonjwa wengi zilifanana sana na zile za nchi zenye wagonjwa wachache. Haikuonekana sumu moja ya kueleza kwa nini ukanda huo unaumia hivi.

Wengine waliona matokeo hayo ni mkono mtupu. Mimi naona ndipo palipo na somo kubwa. Mwaka 2018 wanasayansi wa Uingereza walichunguza umio za watu 9 wa umri wa miaka 20 hadi 75 ambao hawakuwa na kansa hiyo. Walikuta kwamba kufikia umri wa makamo, seli zenye DNA iliyobadilika zimeshatawala sehemu kubwa ya utando wa ndani. Yaani mbegu za magugu zimo shambani kwa kila mmoja wetu, na nyingi hazioti kamwe. Swali linageuka: ni kitu gani kinachozimwagilia?

Moto wa chai ni mmoja wa washukiwa. Mwaka 2016 shirika la kimataifa la utafiti wa kansa, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, lilitangaza kwamba vinywaji vinavyozidi nyuzi 65 yaelekea husababisha kansa ya umio. Kinachodhuru ni joto, si majani ya chai. Utando unaoungua kila asubuhi hulazimika kuzaa seli mpya kila mara ili kujitibu, na katika kuzaana huko seli mbovu hupata nafasi. Kilimanjaro, watafiti walipopima chai watu walipoanza kuinywa, wastani ulikuwa nyuzi 70 hivi, na chai ya maziwa iliyochemshwa pamoja ndiyo iliyonywewa ya moto zaidi. Hakuna haja ya kipimajoto: kama lazima uifyonze kwa sauti ili isikuunguze, iache kidogo.

Lotoko, pombe yetu kali ya kienyeji, na tumbaku vina hatari yao, na mtu anayetumia vyote viwili huizidisha. Moshi wa kuni katika jiko lisilo na dirisha nao unachunguzwa, na mama zetu ndio wanaouvuta zaidi.

Kinachonipa matumaini zaidi ni jambo lililofanyika Tenwek. Watu wazima 305 wasio na dalili yoyote waliingizwa kamera ndogo kooni, kisha umio ukapakwa dawa ya iodini. Utando wenye afya hugeuka kahawia. Penye seli zilizoanza kuharibika pakabaki peupe, kama doa. Zaidi ya watu 40 walikutwa na madoa yenye seli za aina hiyo. Doa likionekana mapema, linaweza kuondolewa kabla halijawa kansa.

Kipimo hicho hakiko kwenye vituo vya afya vya vijijini, na ubovu wa barabara yetu kila mtu anaujua. Ndiyo maana tarehe ya tonge la kwanza kukwama ni ya thamani: mtu anayekwama na bugali kwa zaidi ya wiki mbili aanze safari ya hospitali mjini Bunia angali anameza uji, akiwa na nguvu za kupasuliwa ikibidi. Aliyechelewa naye asirudishwe nyumbani kufa njaa. Tenwek kwa miaka mingi wamekuwa wakiweka mrija wa waya unaojitanua ndani ya umio. Hauponyi kansa, lakini mgonjwa hurudi kula na wanawe.