Lini Faili Hili Liliguswa?

Hapa Kidodi kompyuta nyingi kazi yake ni miwa. Nina duka la steshenari kando ya barabara itokayo Mikumi kwenda Kidatu. Natoa kopi, nachapa barua, napiga picha za pasipoti. Lakini msimu wa kuvuna ukifunguliwa baada ya masika, kinachojaza kaunta yangu ni orodha: nani kavuna, tani ngapi zimepita mzani, nani kakatwa deni la mbolea. Kiwanda cha Ruembe kiko upande wetu wa Kilosa, cha Msolwa kiko ng'ambo ya Mto Ruaha Mkuu, upande wa Kilombero. Wakulima wadogo wa pande zote mbili wana vyama vyao, vyama vina makatibu, na makatibu wana flashi. Kwenye flashi ndiko maneno yanakoanzia.

Msimu mmoja waliingia watatu kwa pamoja: katibu aliyemaliza muda wake, katibu mpya, na mwenyekiti wao.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Tuna orodha mbili, jina moja, jumla tofauti. Hebu tutazamie ipi imechezewa."

Katibu mpya alikuwa ameshatoa hukumu. Alikuwa ameangalia sifa za faili la mwenzake kwenye Windows, akakuta limetengenezwa tarehe 21 Juni na limebadilishwa tarehe 9 Machi. "Dada, faili linabadilishwaje kabla halijazaliwa? Hilo limeghushiwa." Katibu wa zamani alisimama tu, kofia mkononi, hana la kujibu.

Ningependa kila anayeshika kumbukumbu za wenzake ajue kwa nini yule kijana hakuwa sahihi. Kutojua jambo hili dogo kunaweza kumvunjia mtu heshima kijiji kizima, kwa tendo ambalo hakulitenda.

Nianze na kompyuta yenyewe. Programu unazozitumia, iwe ya kuandikia barua au ya kutazamia picha, haziruhusiwi kugusa diski moja kwa moja. Diski iko chini ya kiini cha mfumo endeshi, na programu ikitaka kitu sharti ikiombe. Maombi hayo huitwa miito ya mfumo. Kuna mwito wa kufungua faili, wa kusoma, wa kuandika. Na kuna mmoja ambao haufungui chochote, unauliza habari za faili tu. Kwenye mifumo ya ukoo wa Unix jina lake ni stat. Programu inakitajia kiini njia ya kulifikia faili na kukionyesha nafasi tupu kwenye kumbukumbu. Kiini kinapita folda kwa folda hadi kulikuta, kisha kinaijaza ile nafasi: ukubwa, mwenye mali, ruhusa, tarehe. Ni kama tiketi ya mzani, inayoeleza lori lina uzito gani na limepita saa ngapi bila mtu kutafuna muwa hata mmoja.

Mwito huu ni wa zamani. Umo katika kitabu cha kwanza cha mwongozo wa Unix, cha tarehe 3 Novemba 1971, kilichoandikwa na Ken Thompson na Dennis Ritchie katika maabara za Bell kule New Jersey, Marekani. Zaidi ya nusu karne baadaye bado unafanya kazi ileile. Simu za Android zimejengwa juu ya kiini cha Linux, kwa hiyo kila simu ya aina hiyo inayopita hapa dukani inaupiga mwito huu mara nyingi mno kwa siku. Ukifungua folda ya picha za WhatsApp yenye maelfu ya picha ukaona simu inasitasita, sehemu ya kazi inayoielemea ni hiyo: kuuliza habari za picha moja baada ya nyingine. Windows ina miito yake yenye majina mengine, ila maswali hayatofautiani sana.

Nina laptopu ya zamani yenye Linux, naipenda kwa sababu haifichi. Nikiandika stat na jina la faili, inanipa majibu mistari kadhaa. Orodha moja niliyoihifadhi humo ina ukubwa wa baiti 48,213. Pembeni yake imeandikwa bloku 96. Hizo bloku huhesabiwa kwa baiti 512, na ukizidisha unapata 49,152, si 48,213. Tofauti hiyo haina hila. Diski yangu hugawa nafasi kwa vipande vya baiti 4,096, faili likachukua vipande 12, na cha mwisho hakikujaa. Inafuata namba ya inodi, yaani namba ya rekodi ya faili hilo ndani ya diski. Halafu idadi ya majina yanayoielekea rekodi hiyo. Halafu ruhusa, 0644, maana yake mimi nasoma na kuandika, wengine wanasoma tu. Halafu namba ya mwenye mali, kwangu ni 1000.

Jina la faili halimo kwenye rekodi hiyo. Jina linakaa kwenye folda, ambayo kwa kweli ni orodha ya majina na namba za inodi. Ndiyo maana rekodi moja inaweza kuwa na majina mawili, na ndiyo maana kulibatiza faili "ORODHA MPYA YA MWISHO KABISA" hakulifanyi liwe jipya. Makatibu wanapenda sana kubadilisha majina hivyo, na kila mara nawaambia: jina ni lako wewe uliyeliandika, tarehe ya mabadiliko ya yaliyomo haisogei kwa jina.

Tarehe ndiyo sehemu inayohitaji utulivu, kwa sababu si moja tu. Kuna ya kusomwa mara ya mwisho. Kuna ya yaliyomo kubadilishwa. Kuna ya rekodi yenyewe kubadilika, kwa mfano ruhusa au mwenye mali akibadilishwa. Na kwenye mifumo mingi ya sasa kuna ya kuzaliwa. Linux iliongeza mwito mpya, statx, mwaka 2017, na huo ndio unaoweza kuitoa tarehe hiyo. Kila moja inajibu swali lake, na ukichukua jibu la swali moja ukalibandika kwenye jingine, unamsingizia mtu.

Hilo ndilo lililotokea kwa wale makatibu. Ukinakili faili kwenye Windows kutoka kompyuta kwenda flashi, nakala inabaki na tarehe ya mabadiliko ya faili la awali, lakini tarehe ya kutengenezwa inakuwa ya siku ile nakala ilipowekwa hapo. Katibu wa zamani aliifanyia orodha kazi ya mwisho tarehe 9 Machi, akainakili kwenye flashi tarehe 21 Juni ili aikabidhi. Kutengenezwa baada ya kubadilishwa ni alama ya kawaida kabisa ya nakala. Tena ilimtetea: tangu Machi hakuna tarakimu iliyoonyesha kuguswa. Nilipomweleza Mzee, alimtazama kijana wake muda mrefu, kisha akasema, "Basi mwombe radhi mwenzio, halafu tuendelee." Kijana akaomba radhi palepale. Lilibaki swali la jumla kutofautiana, na hilo halikujibiwa na kompyuta. Lilijibiwa na tiketi za mzani zilizokuwa kwenye mfuko wa Mzee, tulizozipanga mezani moja moja.

Nasisitiza hapo kwa sababu watu huidai stat zaidi ya uwezo wake. Hakuna mahali inaposema nani alibadilisha. Inasema faili ni mali ya nani, basi. Haisemi pia kama kilichobadilishwa ni jumla ya tani au nafasi kati ya maneno mawili. Hata tarehe ya kusomwa usiiegemee: tangu 2009 Linux kwa kawaida haiiandiki kila faili linaposomwa, ili kuipunguzia diski kazi, kwa hiyo faili linaweza kusomwa mara kadhaa kwa siku na tarehe ikasogea mara moja tu.

Na tarehe zote hutoka kwenye saa ya kompyuta yenyewe. Bwawa la Kidatu liko jirani yetu, lina uwezo wa megawati 204, lakini umeme hukatika hapa kama kwingine, na kompyuta ambayo betri yake ndogo ya saa imekufa inaamka ikiwa mwaka wa zamani. Kazi utakayoiandika asubuhi hiyo itabeba mwaka huo. Wengine huniletea simu yenye picha za tarehe 1 Januari 1970 wakidhani imelogwa. Unix huhesabu wakati kwa sekunde kuanzia saa sita usiku ya siku hiyo kwa saa za Greenwich, ambayo kwetu ni saa tisa usiku. Tarehe ikipotea ikabaki sifuri, ndipo inapoangukia. Mifumo ya zamani inayoweka hesabu hiyo kwenye namba ya biti 32 itafika kikomo tarehe 19 Januari 2038, saa 12 na dakika 14 asubuhi kwa saa zetu, na vifaa visivyobadilishwa kufikia siku hiyo vitaanza kuandika tarehe za mwaka 1901.

Flashi nazo zina udhaifu wake. Nyingi zimeandaliwa kwa mfumo wa FAT, ambao huandika saa ya mabadiliko kwa hatua za sekunde mbili, hautaji ukanda wa saa na hauna mwenye mali wala ruhusa. Faili lililokuja kwa WhatsApp ndilo lisilofaa kabisa kwa swali la lini: simu iliyolipokea imeliandika upya, na tarehe unayoiona ni ya kupokelewa.

Kuna jambo jingine ambalo wenye ofisi hawalijui. Ili kupata habari hizi, mtu hahitaji ruhusa ya kulisoma faili. Inatosha aruhusiwe kupita kwenye folda zinazolielekea. Barua ya kumfukuza mtu kazi unaweza kuifunga isisomwe, lakini kama folda iko wazi, mwenzako anaona ipo, ina ukubwa gani na iliandikwa jana. Anayetaka siri afunge folda. Hapo kiini kitamjibu anayeuliza kwamba haruhusiwi, jibu ambalo si sawa na kwamba faili halipo. Kila jibu lina namba yake, 13 kwa kukosa ruhusa na 2 kwa faili lisilokuwepo. Fundi akikuambia faili limepotea, muulize kapata jibu lipi kati ya hayo mawili.

Je, tarehe inaweza kughushiwa? Ndiyo, kirahisi. Amri ya touch huiweka tarehe ya mabadiliko popote unapotaka. Tarehe ya rekodi kubadilika ni ngumu zaidi, kwa kuwa hakuna mwito wa kuiandika upendavyo. Kiini huiweka chenyewe. Lakini mwenye mamlaka ya kurudisha saa ya kompyuta nyuma anaweza kuipotosha hata hiyo. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 imelizingatia hilo: haikatai ushahidi kwa sababu tu ni wa kielektroniki, ila katika kupima uzito wake inataka kuangaliwa namna ulivyotengenezwa, ulivyohifadhiwa na kama umebaki mzima. Kwa hiyo ukitaka faili likusaidie mbele ya mkutano au mahakama, usilifungue wala usilihifadhi upya. Acha flashi kama ilivyo na ulete watu wawili washuhudie likitazamwa.

Chama kile sasa kina utaratibu, na Mzee ndiye aliyeushikilia. Kila orodha ikifungwa, makatibu wanakuja wote, napiga stat, naongeza na alama ya sha256 inayokokotolewa kutoka kila baiti ya faili, nachapa karatasi moja, wanasaini na kuiweka pamoja na tiketi za mzani. Ile alama ndiyo niliyoipigania zaidi, kwani mtu akiirudisha tarehe nyuma kwa touch karatasi haitamshtaki, lakini akibadilisha tani 41 kuwa 47, alama ya faili lake haitafanana tena na iliyosainiwa.