Je, Wajua? Kipande cha Bomba Hutosha Kupachika Sili ya Injini

Sili ya oili ni pete ya mpira yenye kiunzi cha chuma ndani yake, ambayo huizunguka shafti mahali inapotokeza nje ya injini na kuizuia oili isiifuate. Mafundi huiita oili sili, au sili tu. Katika injini ya kawaida ya gari hupatikana mbele ya kranki, yaani shafti kuu inayougeuza mwendo wa pistoni wa kupanda na kushuka kuwa mzunguko. Hupatikana pia nyuma ya kranki hiyohiyo, upande wa klachi. Nyingine huwa kwenye ncha ya kamshafti, ambayo ni shafti inayofungua vali na kuziacha zijifunge. Bei ya sili huwa ndogo, lakini kifaa maalumu cha kuipachika, kilichotengenezwa na kiwanda kwa ajili ya injini ya aina moja, huweza kugharimu mara nyingi zaidi ya sili yenyewe, na ndiyo sababu gereji nyingi ndogo hazina kifaa hicho, wala haziwezi kulaumiwa kwa kutokuwa nacho.

Oldonyo Sambu, kata iliyo kando ya barabara kuu ya Arusha hadi Namanga, ni mahali panapoonyesha vizuri kwa nini pete hiyo huchakaa. Kata hiyo iko upande mkavu wa Mlima Meru, ambao ni volkano iliyotoa majivu mara ya mwisho mwaka 1910, na udongo wake ni mwepesi, wenye asili ya majivu ya volkano, hivi kwamba wakati wa kiangazi kila gari linaloiacha lami na kila pikipiki inayoelekea bomani huacha nyuma wingu la vumbi. Vumbi la namna hiyo lina chembe ngumu zenye kingo kali. Likikutana na oili kidogo iliyovuja hugeuka kuwa uji unaosaga kama msasa, na uji huo hukaa pale hasa ambapo sili inaigusa shafti.

Sehemu inayofanya kazi katika sili ni mdomo wake, ambao ni ukingo mwembamba wa mpira unaobanwa kwenye shafti na springi ndogo iliyounganishwa ncha zake mpaka ikawa duara. Sili inapokuwa mpya, upana wa mahali mdomo unapogusa ni sehemu moja au mbili za kumi za milimita. Shafti yenye kipenyo cha milimita 40, ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, hupita chini ya mdomo huo kwa kasi ya zaidi ya mita 6 kwa sekunde, na kwa hiyo gari likitumia saa mbili kutoka Arusha hadi Namanga kwa mzunguko huo, mdomo utakuwa umesuguliwa kwa urefu wa kilomita 45. Kinachouokoa usiungue ni utando wa oili wenye unene wa takribani mikromita moja, yaani sehemu moja ya elfu ya milimita. Aidha, mdomo haukuchongwa sawa pande zote mbili: upande unaotazama oili una mwinamo mkali kuliko upande unaotazama hewa, na tofauti hiyo huufanya uirudishe oili ndani kila shafti inapozunguka. Sili iliyogeuzwa nyuma mbele, hata ikiwa mpya na ya thamani, huitoa oili nje badala ya kuirudisha.

Wafugaji wa nyanda hizi wanaweza kupendezwa kujua kwamba babu wa pete hii alikuwa ngozi ya mnyama. Injini za zamani zilizibwa kwa kamba iliyolowekwa mafuta au kwa ngozi laini, na katika miaka ya 1930 kampuni ya Freudenberg ya Weinheim, Ujerumani, ambayo ilianza mwaka 1849 kama kiwanda cha kuchakata ngozi, iliuza sili ya shafti iliyobuniwa na mhandisi wake Walther Simmer, kwanza kwa mdomo wa ngozi na baadaye kwa mpira bandia. Leo mpira unaotumika zaidi ni wa nitrili, unaovumilia joto la nyuzi 100 hivi za Selsiasi kwa muda mrefu, na pale penye joto kali zaidi hutumika mpira wenye florini unaofika nyuzi 200.

Kabla ya kugusa sili yoyote, ni lazima ijulikane kwa nini imevuja. Injini hupumua: gesi kidogo hupenya kando ya pistoni na kuingia kwenye sehemu ya oili, na kuna bomba dogo la kuitolea. Bomba hilo likiziba kwa masizi, presha hupanda ndani na kuisukuma oili kupitia mdomo wowote ulio dhaifu, na sili mpya itakayowekwa bila kuzibua bomba hilo itavuja kama ya kwanza. Uvujaji wenyewe si jambo la kupuuzwa, kwa kuwa injini nyingi huzungusha kamshafti kwa mkanda wa taimingi, mpira wa mkanda huo huharibiwa na oili, na katika injini za dizeli mkanda ukikatika vali hugongana na pistoni.

Kuing'oa sili ya zamani ndiko kunakoleta hasara kubwa kuliko yote, nako husababishwa na bisibisi. Fundi mwenye haraka huichomeka kati ya mdomo na shafti, huibinya, na kuuacha mkwaruzo juu ya chuma kilichong'arishwa. Mkwaruzo huo, ujapokuwa mwembamba kama unywele, huwa njia ya oili kwa maisha yote ya kranki. Njia iliyo salama ni kutoboa matundu mawili madogo kwenye uso wa sili, yakielekeana, mbali na shafti, kwa ncha ya keekee iliyopakwa grisi ili vumbi la chuma linaswe hapo, kisha kukaza skrubu fupi za mbao katika matundu hayo na kuzivuta kwa koleo kwa zamu, huku kidogo na kule kidogo, mpaka pete itoke yenyewe. Hapo shafti hufutwa na kupitishwa ukucha: ukucha ukikwama kwenye mfereji uliochimbwa na mdomo wa zamani, sili mpya huwekwa milimita moja au mbili mbele au nyuma ya mahali pa awali, ikiwa nafasi ipo na tundu la kurudishia oili halizibwi.

Kazi ya kifaa cha kupachikia ni moja tu, nayo ni kuisukuma pete ya nje ya sili kwa nguvu iliyo sawa pande zote ili iingie bila kuinama. Kipande cha bomba la plastiki, la aina inayouzwa katika kila duka la vifaa vya ujenzi, huweza kuifanya kazi hiyo kwa usahihi uleule wa kifaa cha kiwandani, mradi kimechaguliwa kwa vipimo. Sili huandikwa namba tatu: iliyoandikwa 35-52-7 ina tundu la milimita 35, kipenyo cha nje cha milimita 52 na unene wa milimita 7. Bomba linalofaa ni lile ambalo ukingo wake unakaa juu ya chuma cha sili, karibu kabisa na milimita 52 bila kuzizidi, na ambalo ndani yake kuna nafasi ya kuipisha shafti bila kuugusa mdomo. Likatwe kwa msumeno, kisha ncha yake isuguliwe juu ya msasa uliotandazwa kwenye kioo mpaka isimame wima bila kuyumba. Katika dakika hizo chache za kusugua ndimo usahihi wote unamopatikana, na anayeziruka hana budi kurudia kazi.

Nyundo inaweza kutumika juu ya bomba hilo, lakini bolti ni bora zaidi. Ncha ya kranki ina nyuzi za bolti inayoshika puli. Bolti ndefu ya nyuzi hizohizo ikipitishwa katika bamba nene la chuma lililolazwa juu ya bomba na kuingizwa kwenye kranki, na nati yake ikakazwa polepole, bomba husukumwa mbele bila pigo hata moja. Mdomo wa sili, uliopakwa oili kwanza, hulindwa dhidi ya kingo za mfereji wa kipini cha puli kwa ukanda uliokatwa kutoka kwenye chupa ya maji ya plastiki na kuviringishwa kwenye ncha ya shafti. Sili huteleza juu yake, kisha ukanda huvutwa nje.

Werevu unaostaajabisha zaidi uko kwenye sili za vali, vikofia vidogo vya mpira ambavyo vikikauka hutoa moshi wa buluu injini inapowashwa asubuhi. Kwa kawaida kichwa cha injini hufunguliwa chote, lakini kamba safi na laini, ikiingizwa kupitia tundu la plagi wakati vali zote mbili zimefungwa na pistoni iko chini, ncha yake ikabaki nje, hujaza nafasi iliyo juu ya pistoni. Kranki ikizungushwa taratibu kwa spana, pistoni hupanda na kuibana kamba chini ya vali, nazo haziwezi kuanguka springi zinapotolewa. Kikofia kipya husukumwa kwa mkono kwa kutumia boksi ndogo ya spana.

Ubanaji huu wa matumizi una mpaka. Rahisi huvunja upishi, na sili yenyewe si mahali pa kutafutia nafuu: mpira usiojulikana asili yake hukakamaa mapema, na vumbi la Meru halina huruma nao. Vilevile gari linalofanyiwa kazi chini yake lisiegemezwe kwa mawe wala kwa jeki peke yake, bali kwa stendi imara za chuma.

Kipande cha bomba kilichokwisha kutumika kisitupwe. Kiandikwe kwa wino usiofutika aina ya injini na kipimo cha sili, kisha kitundikwe ukutani, kwa maana injini nyingine ya aina hiyo itahitaji kipande kilekile.