Wekundu wa Septemba Katika Bonde la Panda

Huko Ulaya, ufikapo mwezi wa Septemba, majani ya miti huanza kugeuka rangi ya manjano na nyekundu, kisha hupukutika, na watu hutoka makundi makundi kwenda kuyatazama. Sisi wa Likasi nasi tunao wekundu wetu wa Septemba, lakini maana yake ni kinyume kabisa. Majani mekundu ya kwao yanakufa. Majani mekundu ya kwetu yanazaliwa.

Hayo tuliyaona kwa macho yetu Jumamosi moja, tulipofuata bonde la mto Panda kwa miguu. Tulikuwa wanafunzi, akina mama wachache, na mzee mmoja aliyestaafu kazi ya mgodini, ambaye tulimfanya kiongozi wetu. Kila mtu alichukua maji yake, karanga na mihogo ya kuchemsha.

Tulianza safari alfajiri. Mji wetu uko juu sana, kama mita 1,300 kutoka usawa wa bahari, kwa hiyo asubuhi ilikuwa na ubaridi. Jua lilipopanda, tulisimama sote kwa mshangao. Mvua haijanyesha tangu miezi mingi, nchi imekauka, nyasi zimeungua. Lakini miombo imevaa majani machanga mekundu kama shaba! Miti hiyo haingoji mvua. Hutumia akiba iliyoiweka katika shina na mizizi, ikatoa majani kabla ya tone la kwanza kuanguka. Baada ya muda mfupi wekundu hutoweka, yakawa kijani.

Mbele kidogo tulipita kilima kisicho na mti mkubwa hata mmoja. Mwanafunzi mmoja akauliza kama watu wameikata. Mzee akacheka. “Hapana, mwanangu. Hapo udongo una shaba nyingi mno. Miti mikubwa haiwezi kuishi, ila nyasi na maua machache yaliyozoea. Wahenga wetu walivitambua vilima vya namna hiyo, wakachimba na kuyeyusha shaba kabla ya mzungu kuja.”

Basi tukashuka mtoni. Jua lilikuwa kali, na kijana mmoja akainama ateke maji kwa viganja.

“Usinywe, mjukuu wangu!” mzee akamzuia.

“Mbona ni maangavu, nkambo?”

“Chumvi ikiisha kuyeyuka katika maji, waiona?”

Kijana akanyamaza. Ndipo mzee akatueleza kwamba katika ujana wake alivua samaki mahali hapo, na leo havui tena. Maneno yake yana ushahidi. Kazi ya madini imefanyika katika nchi hii kwa zaidi ya miaka 100, na wataalamu waliopima bonde la juu la Lufira wamekuta shaba, kobalti na madini mengine katika chakula cha viumbe vya majini, tangu mimea hata samaki. Maana Panda hauishii hapa. Unaingia Lufira, na Lufira unajaza ziwa Tshangalele, lililotokea watu walipouzuia mto huo huko Mwadingusha ili kupata umeme. Mitambo yake ilianza kazi mwaka 1930. Kando ya ziwa hilo wanaishi wavuvi na jamaa zao. Yuko pia ndege mdogo afumaye kiota, aliyepatikana hapo mwaka 1960 na kupewa jina lake la kitaalamu mwaka 1982. Basi kinachotupwa Likasi hakipotei. Kinakwenda kwa jirani.

Tulipokuwa tukirudi, tulikutana na wanaume wakisukuma baisikeli zilizolemewa magunia ya makala. Tuliwasalimu, wakatusalimu. Hatukuwalaumu, kwa kuwa jioni ile sisi wenyewe tungepika bukari kwa makala hayo hayo. Walakini walikotoka tuliona uwanja wa visiki, na mvua zikija, udongo usioshikwa na mizizi utashuka mtoni.

Hapo mzee akatuita tutazame. Kando ya kisiki kimoja kilikuwa kimechipuka kitawi chenye majani mekundu. “Mwombo hauna kinyongo,” akasema. “Ukiukata, ukauachia shina na mizizi, utarudi. Lakini mtu akija kuwasha moto sasa, mwisho wa kiangazi, hiki kitakufa, na mwakani huenda kisiote tena.”

Wapenzi wasomaji, tulirudi nyumbani na vumbi miguuni na neno hilo moyoni. Baba wa nyumba asiwashe moto porini katika Septemba, wala asiruhusu visiki king'olewe hata kimoja bila haja. Mama asioshe mboga katika maji asiyoyajua yatokako. Mwanafunzi asitupe takataka mtoni. Na wenye kazi kubwa za madini wana wajibu mkubwa kuliko sote: wasafishe maji yao kabla ya kuyaachia mto, kwa kuwa anayekaa chini ya mto hana mto mwingine.

Kijana yule aliyezuiwa kunywa alituuliza njiani kama mto nao unaweza kuchipuka tena kama mwombo. Mzee alimjibu, “Waweza, ikiwa tutauachia mizizi yake.”